Siku Zinazodokolewa: Mhadhara juu ya Mahudhurio ya Watoto wa Madarasa ya Mwanzo



Nimeombwa nizungumzie umuhimu wa mtoto mdogo kuhudhuria shule kila siku. Kusema kweli, mada ikiwekwa hivyo haina mpinzani. Sijapata kumwona mzazi akisimama mkutanoni na kusema kuhudhuria hakuna maana. Wote tunakubaliana, tunapiga makofi, tunaondoka, halafu Jumatano tunamtuma mtoto gulioni. Kwa hiyo leo sitahubiri umuhimu. Nitazungumza juu ya hizo Jumatano.

Naanza na hesabu, maana ndiyo niliyoifundisha na ugonjwa huo hauponi. Mwaka wa masomo Tanzania Bara una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki, leo kwa ajili ya gulio, wiki ijayo kwa sababu sare haijakauka, wiki inayofuata kwa sababu mama amekwenda msibani na mdogo hana wa kumshika, mwisho wa mwaka amekosa karibu siku 39. Akienda hivyo darasa la awali, la kwanza na la pili, amekosa siku 116. Ni zaidi ya nusu ya mwaka mzima wa masomo, na katika muda wote huo hakuna hata mtu mmoja aliyemwita mtoro.

Mnakumbuka shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO. Zilifungwa Machi 17, 2020, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Hesabu kila Jumatatu hadi Ijumaa katika kipindi hicho, hata 80 hazifiki. Nchi nzima ilihangaika: vipindi vya masomo redioni, vipindi kwenye televisheni, wazazi mjini wakageuka walimu sebuleni. Wenzetu wa Uganda, ambao shule zao zilikaa bila kufunguka kikamilifu karibu miaka miwili, bado wanaizungumzia hasara ile. Na wana haki. Lakini mtoto wetu wa siku 116 amepoteza masomo mengi kuliko yale ambayo Tanzania ilipoteza mwaka 2020, na hakuna redio iliyomtafuta.

Kila mtu hapa analijua jambo la kudokoa. Chungu cha nyama kiko jikoni, anapita huyu anachukua kipande, anapita yule anachukua kingine, na kila mmoja angeapa kwamba alichochukua ni kidogo tu. Wakati wa kupakua kuna mchuzi. Siku za shule za mtoto mdogo zinakwisha hivyo hivyo, na kwa kuwa hakuna mwizi mmoja, hakuna kesi.

Vyombo vyetu vya kukamata utoro navyo vimetengenezwa kwa ajili ya mwizi mkubwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Vizuri. Lakini kwa utaratibu tuliouzoea, suala la kumfuta mtoto kwenye orodha kwamba ameacha shule huja akipotea siku 90 mfululizo. Siku 90! Mtoto wa darasa la kwanza aliyepotea siku 90 hana muhula tena. Upande wa pili uko Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao ruzuku yake ya elimu ina sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Siilaumu TASAF. Kaya nyingi zilimrudisha mtoto shuleni kwa sababu ya sharti hilo, na kila sharti lazima liwe na mahali pa kuishia. Ila tazameni hesabu: asilimia 80 ni siku nne kati ya tano. Yule mtoto wetu wa Jumatano anafaulu sharti, fomu yake inapigwa mhuri, na siku zake 39 zinakwenda zake.

Katika shule za Marekani wanatumia kipimo kikali zaidi: mtoto akikosa asilimia 10 ya siku, anahesabiwa kuwa na tatizo la mahudhurio, awe aliomba ruhusa au hakuomba. Mwaka 2008 Hedy Chang na Mariajosé Romero walitoa ripoti iliyowafuatilia watoto wa huko tangu chekechea, na waliokuwa wamekosa kiasi hicho walionekana nyuma ya wenzao walipofika darasa la kwanza. Sikuileta Marekani hapa kwa sababu ya mapenzi. Nimependa hilo la ruhusa. Sisi tukishapewa ruhusa tunaona jambo limekwisha. Cheti cha zahanati kinamwondolea mtoto adhabu, lakini kile kilichofundishwa siku ile bado hakipo kichwani mwake.

Na ni nini kilichofundishwa siku ile? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanaamini darasa la kwanza ni mahali pa kuimba na kula uji.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu anaanza na irabu tano. Akimaliza anashika konsonanti moja moja na kuiunganisha na irabu zote: ba, be, bi, bo, bu. Wiki inayofuata anahama. Lugha yetu ina huruma sana katika jambo hili, maana ukiijua silabi unaisoma popote utakapoikuta, haigeuki sauti. Mtoto aliyefuata bila kukatika anaweza kushangaza watu: Januari hajui kushika penseli, mwisho wa mwaka anasoma kibao cha duka.

Ugumu unaanza kwenye herufi zinazoambatana: mb, nd, ny, mw, sh, ch, na ile ng yenye ritifaa na isiyo nayo. Hizo mwalimu huzifundisha siku moja au mbili kila moja, maana orodha ni ndefu na muhula ni mfupi. Mtoto akikosa Jumanne na Jumatano, Alhamisi anakuta ubaoni ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Anaiona n, anaiona g, kale kaalama ka juu hajui ni ka nini. Mtu mzima angeuliza. Mtoto wa miaka saba haulizi. Anafanya jambo la akili kuliko kuuliza: anafungua mdomo na kuitikia pamoja na wenzake. Mwalimu ananyoosha fimbo kwenye neno, watoto mia wanapaza sauti, "Ng'ombeee!", na yeye yumo, sauti yake ni kubwa kuliko ya jirani, anatazama mdomo wa jirani wala hatazami ubao. Mwalimu hawezi kumsikia anayekosa. Mimi nimefundisha madarasa ya watoto zaidi ya mia, nawaambia hawezi. Ule mwitikio wa pamoja, ambao mgeni akipita dirishani anasema darasa limechangamka, ndio unaoficha mashimo.

Mashimo hayo yanakuja kuonekana darasa la tatu, wakati kitabu kinaacha kufundisha kusoma na kuanza kufundisha mambo mengine kwa kusoma. Hapo tunasema mtoto ni mzito. Uwezo, wale waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto Tanzania, Kenya na Uganda, walipotoa matokeo ya kwanza ya Tanzania mwaka 2010 walikuta takriban mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sababu ni nyingi, sitazibebesha zote siku zilizokoswa. Lakini ninaposikia watu wakibishana juu ya vitabu, mitaala na lugha, huwa najiuliza kama kuna aliyefungua daftari la mahudhurio la watoto haohao la miaka miwili nyuma.

Sasa tuje nyumbani, bonde hili la Kilombero.

Darasa la kwanza linaanza Januari. Mpunga nao ndio wakati wake. Tangu Desemba watu wanalima na kupanda. Machi na Aprili mvua za masika zinakolea na bonde linajaa maji. Mpunga ukitoa masuke ndege wanafika. Halafu mavuno, Mei, Juni, mpaka Julai. Yaani muhula wote wa kwanza wa mtoto, ule ambao mwalimu anapanda irabu na silabi, umelaliana na msimu wa mpunga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kaya nyingi zina nyumba kijijini na kibanda shambani, tena mbali, kwa hiyo msimu ukikolea zinahama: sufuria, kuku, jembe, watoto. Watafiti wa malaria wa Ifakara wameuandika sana uhamaji huu, kwa sababu mtu akihamia kibandani mbu hamsubiri kijijini. Sisi watu wa elimu tumeuandika kidogo.

Asiyewajua ndege hao, kweleakwelea, atadhani natafuta kisingizio. Kundi likishuka juu ya shamba unaona kivuli kwanza. Mpunga ukiwa na maziwa, asubuhi moja ya uzembe inatosha kumaliza jasho la miezi mitano. Kwa hiyo kabla jua halijachomoza kuna mtoto juu ya dungu, ana kombeo na madongo ya udongo aliyoyakausha jana, na mkononi ameshika kamba ndefu iliyofungwa makopo mpaka upande wa pili wa shamba. Anavuta kamba, anapiga kelele, ndege wanaruka na kutua kwa jirani. Jirani naye ana mtoto wake, anapiga kelele, ndege wanarudi. Jua likiwaka sana wanapumzika mitini, alasiri wanarudi kwa nguvu. Kazi yenyewe haitaki misuli. Inataka macho, sauti, na mtu ambaye hana kazi nyingine. Ukitafuta kaya nzima mtu wa sifa hizo, utampata wa miaka saba.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo moja nililotoka nalo nyumbani leo. Kaya inapobanwa na kulazimika kumtoa mtu mmoja shuleni, inafanya hesabu. Wa darasa la saba? Hapana, ana mtihani. Wa darasa la nne? Naye ana mtihani wa taifa. Huyu wa darasa la kwanza je? Huyu bado mdogo, hakuna anachokosa, atapata mwakani. Nimeisikia hesabu hii kwa wazazi wenye busara, wanaowapenda watoto wao, na imekaa kichwa chini miguu juu. Yule wa darasa la saba akikosa wiki mbili anachukua kitabu, anaazima daftari la mwenzake, anasoma kwa taa usiku, anafika. Tayari ana ufunguo. Wa darasa la kwanza hana kitabu anachoweza kukisoma peke yake, kwa sababu kusoma ndiko anakokufuata shuleni. Akiazima daftari la mwenzake anaona michoro. Ukiniuliza mimi nani abaki kuamia ndege, na ikiwa kweli lazima abaki mtoto, nitakujibu mkubwa. Najua jibu hili linawaudhi walimu wa darasa la saba waliokaa mbele hapa. Wanisamehe, wao wanapimwa kwa asilimia ya ufaulu na bango linabandikwa ukutani. Mwalimu wa darasa la kwanza habandikiwi chochote.

Kwa watoto ambao nyumbani wanazungumza Kisukuma, na wapo wengi bondeni siku hizi tangu wafugaji na wakulima kutoka kanda ya ziwa wahamie huku, hasara ni mara mbili. Shuleni ndipo mtoto huyo anapokisikia Kiswahili kwa saa nyingi mfululizo. Siku anayokosa, amekosa somo na amekosa lugha ya somo.

Kuna sababu nyingine za kukosa ambazo sitazipigia kelele. Mzazi anayemzuia mtoto kuvuka kijito kilichofurika, katika bonde lenye mamba, niko upande wake, na mwenyekiti wa kijiji anayemtishia mzazi huyo faini angevuka yeye kwanza tumwone. Dawa ya hapo ni kuisogeza shule. Ndiyo maana nilifurahi fedha za mpango wa UVIKO wa mwaka 2021 zilipojenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yakaenda kwenye shule shikizi, zile za watoto wadogo katika vitongoji vya mbali. Kwa mtoto wa miaka sita, chumba kimoja cha karibu chenye mwalimu mmoja kina thamani kuliko shule ya ghorofa ng'ambo ya mto.

Maradhi nayo. Homa ya malaria inamlaza mtoto siku tatu, nne, na msimu mmoja inaweza kurudi. Minyoo haimlazi, ila inamchosha, na mtoto aliyechoka anaachwa alale. Nivuke mpaka kidogo niende Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 za msingi ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo na kichocho. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: katika shule zilizopewa dawa, utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakunywa dawa, na hata watoto wa shule za jirani, waliambulia nafuu, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua katika udongo ambao wote wanaukanyaga. Baadaye wataalamu wengine walizifumua hesabu hizo na kubishana nao vikali juu ya ukubwa wa faida. Waachwe wabishane, ni kazi yao. Kremer mwenyewe alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hiyo. Mimi ninachokibeba kutoka Busia ni kidonge cha bei ndogo kinachoweza kujaza madawati kuliko mkutano wa hadhara.

Lakini kuna sehemu ya pili ya habari ya Busia, ambayo wanaoitaja huipitia haraka. Watoto walihudhuria zaidi, na alama zao za mtihani hazikupanda.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilipotulia nikaona inasema nini. Mtoto akifika na darasani hakuna linaloendelea, amefika tu. Na hapa, walimu wenzangu, inabidi tuvumiliane. Benki ya Dunia ilifanya ziara za kushtukiza katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014, ikakuta zaidi ya theluthi ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi. Wengi wao walikuwapo shuleni: ofisini, chini ya mwembe, wanasahihisha, wanajaza takwimu zilizoombwa na wilaya jana zikihitajika leo. Sababu nyingine ni za kweli kabisa, nimezitumia mwenyewe. Ila mtoto wa darasa la kwanza aliyekaa saa mbili bila mwalimu, kesho mama yake akimwambia abaki amshike mdogo, hana hoja ya kumjibu. Na mama naye hana hoja ya kujijibu.

Tena sisi wenyewe tunawafundisha kukosa. Chukueni hili la kuchelewa. Mtoto akifika kengele imeshalia, getini kuna mwalimu wa zamu na fimbo. Asipofika kabisa, kesho atasema aliumwa tumbo. Hesabu hiyo hata mtoto ambaye hajafika kujumlisha makumi anaifanya vizuri, na ndiyo maana asubuhi ukipita vichakani karibu na shule utawakuta wamekaa na madaftari yao, wanangoja wenzao watoke ili warudi nyumbani pamoja. Tumechukua nusu saa ya kuchelewa tukaigeuza siku nzima ya kukosa. Kwa madarasa ya chini ningeondoa adhabu ya kuchelewa kesho asubuhi. Mtoto wa miaka saba hajiamshi wala hajipikii uji. Akichelewa amecheleweshwa.

Na michango. Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni mwaka 2018, ikaja kulegezwa kwa masharti na mijadala mingi, sitaingia huko. Jambo moja liko wazi tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016: mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Mnajua na mimi najua kwamba siku hizi haambiwi arudi nyumbani. Anaambiwa asimame mbele ya darasa na wenzake wasiotoa. Akisimama mara mbili, mara ya tatu haji.

Historia yetu imetuzoesha kuhesabu mlangoni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni ifikapo 1977, na nchi maskini ikajenga madarasa ya udongo kila kijiji. Ada ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002, wanafunzi wa shule za msingi walitoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 wakapita milioni 7 mwaka 2004. Mwaka 2016 Januari ilifurika tena. Ni mambo ya kujivunia, sitaki nieleweke vinginevyo. Mimi mwenyewe ni zao la kuandikishwa kwa nguvu. Lakini kila Januari tunatangaza walioandikishwa, tunapiga picha na sare mpya, na hakuna kiongozi niliyemsikia akitangaza Mei ni wangapi waliokuwa darasani siku tatu kati ya tano. Mei haina kamera. Mei ina ndege.

Tufanye nini basi? Nitasema machache ninayoyaamini.

La kwanza liko mezani kwa kila mwalimu, ni lile daftari la mahudhurio. Tunalisoma kutoka juu kwenda chini. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina, anaweka alama, anajumlisha safu ya siku hiyo: wavulana kadhaa, wasichana kadhaa. Jumla inakwenda kwa mwalimu mkuu, inakwenda kwa afisa elimu kata, inafika wilayani ikiwa asilimia 85, na kila mtu anaridhika. Sasa niulize: katika darasa la watoto mia, wale 15 ambao hawakuja leo, ndio walewale ambao hawakuja jana? Ikiwa ni walewale, mna watoto 15 waliopotea na inabidi mkawatafute. Ikiwa ni wengine kila siku, basi katika wiki moja robo tatu ya darasa ina mashimo, na mwalimu anafundisha wiki nzima watoto ambao ni robo yao tu waliosikia habari yote. Ni matatizo mawili tofauti yenye asilimia moja. Jumla ya chini haiwezi kuyatofautisha. Chukua rula, iweke chini ya jina la mtoto, soma kwenda kulia mpaka mwisho wa mwezi. Kwa darasa la watoto mia kazi hiyo inamaliza mchana mmoja. Wajumbe wa kamati, kikao kijacho msiombe asilimia. Ombeni majina ya watoto wa awali, la kwanza na la pili waliokosa siku nne au zaidi mwezi uliopita, msomewe moja moja.

Majina yakishapatikana, aende mtu nyumbani mapema. Asiende mgambo. Akienda mgambo mzazi anajificha, na mtoto anajifunza kwamba shule na polisi ni ndugu. Aende jirani, balozi wa nyumba kumi, bibi anayeheshimika kitongojini, akaulize kuna nini. Mara nyingi kuna jambo dogo ambalo lingekwisha siku hiyohiyo: sare moja inayofuliwa Jumanne, kiatu, mtoto mkubwa wa jirani ambaye angeweza kumshika mkono njiani.

La ndege ni gumu, wala sitajifanya nina dawa. Wapo wanaotaka kalenda ya shule ihamishwe ifuate mpunga. Mimi sijashawishika, kwa sababu ukimpa mpunga muhula, mwakani ufuta utadai wake. Lakini nimeona mahali ambapo wenye mashamba yaliyopakana walikubaliana kuamia kwa zamu, watu wazima, kila mmoja asubuhi zake, badala ya kila shamba kuwa na mtoto wake juu ya dungu lake anayemfukuzia jirani ndege. Ndege ni walewale. Zamu ikipangwa vizuri dungu moja linatosha mashamba matatu, na hilo halihitaji waraka kutoka Dodoma.

Uji hauna ubishi. Mtoto ambaye kikombe chake cha kwanza cha siku kiko shuleni atamvuta mama yake mkono. Wakenya wa umri fulani bado wanayakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza mwaka 1979, na ukimuuliza mmoja wao alifundishwa nini siku ile hakumbuki, ila pakiti anaikumbuka. Debe la mahindi kwa kila kaya wakati wa mavuno, likipimwa na kuandikwa hadharani, linapika uji wa watoto wadogo muda mrefu. Hapo kwenye kuandikwa hadharani ndipo shule nyingi zinapoteleza, na mzazi aliyeona debe lake likiishia pasipojulikana hatoi la pili.

La mwisho ni la mwalimu wa darasa la kwanza, na ni la siku mtoto anaporudi. Usimuulize mbele ya wenzake alikuwa wapi. Mwite mezani wakati wengine wanaandika, mfungulie ukurasa wa jana na wa juzi, msikilize peke yake asome, bila mwitikio. Dakika kumi zinatosha kuliona shimo liko wapi. Najua mnao mia na zaidi, na dakika kumi za mtoto mmoja zinatoka kwa wengine. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi alimpa mtoto anayeweza kusoma kazi ya kukaa na aliyerudi, wawili wawili, chini ya dirisha, kabla ya mapumziko. Haikuwa kamilifu, na wakati mwingine walicheza. Lakini darasani mwake aliyekosa siku mbili alizikosa siku mbili tu.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Naomba maswali yaanzie kwa wazazi waliokaa nyuma kule, maana wana mwendo mrefu wa kurudi na mvua imeshaanza kutanda.